Nani Anakaa Kando ya Mashine? Mhadhara juu ya Nimonia Sugu ya Wagonjwa Mahututi



Nianze na jambo ambalo jamaa wa wagonjwa hawaambiwi mara nyingi. Mashine ya kupumulia haiponyi ugonjwa wowote. Kazi yake ni kusukuma hewa mapafuni wakati mwenye mapafu hana nguvu za kuivuta, ili dawa, upasuaji au mwili wenyewe upate muda wa kurekebisha kilichoharibika. Inanunua muda, basi. Na muda huo una bei yake. Mpira uliopitishwa mdomoni hadi kwenye bomba la hewa ndio unaoleta uhai, na mpira huohuo ndio unaowapa bakteria njia ya kushuka hadi mapafuni. Katika hospitali nyingi siku hizi bakteria hao ni wale ambao dawa zetu za kawaida hazifui dafu mbele yao.

Nimefanya kazi katika wodi hizo na sasa nafundisha wanaokwenda kufanya kazi humo. Ninachotaka kuwaambia ni hiki: sehemu kubwa ya nimonia hiyo inazuilika, na anayeizuia ni mtu aliyekaa kando ya kitanda akiwa na maji, sabuni, mswaki na muda wa kutosha. Tukinunua mashine bila kuajiri mtu huyo, pamoja na mashine tumenunua ugonjwa.

Historia ya tiba hii inaanza na mikono ya watu. Mwaka 1952 jiji la Copenhagen, Denmark, lilikumbwa na mlipuko mkubwa wa polio. Wagonjwa, wengi wao watoto, walipooza misuli ya kupumulia na ya kumezea. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine chache mno, tena za aina ya zamani ambayo ilimfunika mgonjwa kifua au mwili mzima. Katika wiki tatu za kwanza wagonjwa 31 waliwekwa kwenye mashine hizo, na 27 wakafariki. Ndipo akaitwa daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen. Tarehe 27 Agosti mwaka huo alishughulikia binti wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho: akatobolewa tundu shingoni, ukaingizwa mpira, makohozi yaliyomziba yakafyonzwa, kisha Ibsen akamsukumia hewa kwa kuminya mfuko wa mpira kwa mkono. Binti akapona shambulio lile.

Lakini mfuko wa mpira hauminyiki wenyewe. Waliitwa wanafunzi wa udaktari, jumla yao ikafika takriban 1500, wakapokezana zamu usiku na mchana kwa miezi, kila mmoja kando ya mgonjwa wake. Vifo vya wagonjwa wa aina hiyo, ambavyo mwanzoni vilikuwa karibu 87 kwa kila 100, vikashuka chini ya nusu. Desemba 1953 Ibsen alifungua katika jiji hilo wodi ambayo wengi wanaihesabu kuwa ya kwanza duniani ya wagonjwa mahututi. Naomba mwangalie kilichookoa watu pale. Mfuko ulikuwa wa kawaida tu. Kilichobadilika ni kwamba hakuna mgonjwa aliyeachwa peke yake.

Sasa tuingie ndani ya koo. Mtu mzima mwenye afya njema akilala usiku, mate kidogo humpenyea hadi mapafuni, na haugui. Analindwa na kidakatonge kinachofunga njia anapomeza, kikohozi kinachorusha nje kilichopotea njia, na vinyweleo vidogo mno vinavyopeperusha uchafu kwenda juu saa zote. Mpira wa kupumulia unaondoa ulinzi huo kwa mkupuo. Njia haifungi tena kwa sababu mpira umesimama katikati yake. Kikohozi kimezimwa na dawa za usingizi. Vinyweleo vimekauka na kuchubuka.

Karibu na ncha ya mpira huo kuna puto dogo linalojazwa hewa ili lizibe nafasi iliyobaki. Watu hudhani puto hilo limeziba kabisa. Haliko hivyo. Juu yake mate na majimaji kutoka tumboni hutuama, na kwenye mikunjo ya puto hupenya tone baada ya tone kuelekea chini. Shinikizo la puto linatakiwa liwe kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Likipungua, mate yanashuka. Likizidi, ukuta wa bomba la hewa unakosa damu na kuoza. Kipimo cha shinikizo hilo ni kifaa kidogo kinachotosha mfukoni, na nimeona wodi zenye mashine za bei kubwa ambazo hazina hata kimoja, muuguzi anaminya kwa vidole na kukisia.

Ndani ya mpira wenyewe nako bakteria hujishikiza na kujijengea utando. Mliokulia vijijini mnaujua utelezi unaoota ndani ya mtungi wa maji usiosuguliwa, ndio huo. Dawa inayopita kwenye damu haiufikii, na kila tunapoingiza mrija wa kufyonza makohozi tunaweza kubandua vipande vyake na kuvisukuma mapafuni. Nimonia inayoanza baada ya saa 48 tangu mpira uingizwe ndiyo tunayoiita nimonia ya mashine.

Mchukulieni kijana wa miaka 24 aliyeanguka na bodaboda bila kofia. Nawapa mfano huu kwa sababu ndio unaojaza vitanda vyetu. Amefika hana fahamu, ubongo umevimba, mapafu yake ni mazima kabisa. Anawekewa mpira ili ubongo upate hewa ya kutosha. Siku ya kwanza bakteria wa mdomoni mwake ni wa kwake mwenyewe, aliokuja nao kutoka nyumbani. Siku chache baadaye hao wamepotea, na nafasi yao imechukuliwa na wa hospitali. Siku ya tano homa inapanda. Makohozi yaliyokuwa meupe na mepesi yanakuwa mazito, ya kijani. Oksijeni iliyotosha kwa asilimia 40 sasa inatakiwa asilimia 70. Mama yake, ambaye jana aliambiwa kuwa uvimbe wa ubongo unapungua, leo anaambiwa mlangoni kuwa mwanawe amepata maambukizi kwenye mapafu. Anauliza, mwanangu aliumia kichwa, mapafu yametokea wapi? Ni swali la haki. Jibu lake la kweli ni kwamba maambukizi hayo ameyapatia kwetu.

Bakteria wanaofanya kazi hiyo wanajulikana. Wapo Klebsiela, ambao makao yao ya kawaida ni utumboni. Wapo Sudomonasi, wanaopenda majimaji: masinki, mabomba, chupa za kuongezea unyevu kwenye oksijeni. Wapo stafilokoki wa ngozini na puani, ambao baadhi yao wameshazoea dawa. Lakini anayenikosesha usingizi ni Asinetobakta. Huyu anaweza kukaa hai juu ya kitu kikavu kwa wiki kadhaa. Reli ya kitanda, kitufe cha monita, kamba ya kipimo cha presha, stetoskopu inayoning'inia shingoni mwa daktari, simu yangu na simu yako: kote anakaa akisubiri mkono. Mpaka miaka ya 1970 mwanzoni dawa nyingi za kawaida zilimuua. Lakini Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 2017 orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka, Asinetobakta anayehimili dawa za kundi la karbapenemu aliwekwa katika daraja la hatari zaidi, na orodha ilipopitiwa upya mwaka 2024 alibaki hukohuko.

Amefikaje hapo? Usugu wa vimelea dhidi ya dawa si jambo lililozuka juzi. Alexander Fleming aliona ukungu wa penisilini ukiua bakteria mwaka 1928. Desemba 1940, watafiti wa Oxford, Edward Abraham na Ernst Chain, walichapisha habari za kimeng'enya cha bakteria kinachovunjavunja penisilini. Mgonjwa wao wa kwanza kutibiwa kwa sindano za penisilini, polisi mmoja aliyekuwa na majipu ya uso, alidungwa Februari 1941. Yaani silaha ya bakteria ilitangazwa kabla ya dawa kuingia kwenye mshipa wa mgonjwa huyo. Na Fleming mwenyewe, akipokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba matumizi ya dozi ndogo ndogo yatawafundisha bakteria kuihimili dawa.

Tangu hapo kila dawa mpya imefuatwa na kimeng'enya kipya. Tukatoka kwenye penisilini tukaenda kwenye sefalosporini, ndugu zake seftriaksoni tunayoijua sote. Wakatoa vimeng'enya vya kuivunja. Tukakimbilia karbapenemu, meropenemu na wenzake. Wakatoa vya kuzivunja hizo pia. Bakteria wengine wanafunga vitundu ambamo dawa hupenya, wengine wana pampu za kuitema nje. La kutisha zaidi ni kwamba maagizo ya kutengeneza vimeng'enya hivyo mara nyingi yameandikwa kwenye vipande vidogo vya jeni viitwavyo plasmidi, na bakteria huvipitisha kutoka mmoja hadi mwingine, hata wakiwa wa aina tofauti. Klebsiela mmoja sugu kwenye wodi hahitaji kuzaa ukoo mzima. Anatosha kumpa jirani yake plasmidi.

Kimojawapo cha vimeng'enya hivyo kinaitwa NDM-1. Kilitambuliwa kwa mgonjwa aliyepimwa Sweden mwaka 2008 baada ya kulazwa New Delhi. Dunia ikashtuka. Mwaka 2011 watafiti wakaripoti kuwa wamekikuta kwenye Klebsiela waliochukuliwa kwa wagonjwa jijini Nairobi kati ya mwaka 2007 na 2009. Tulipokuwa tukisoma kwenye magazeti kwamba ni janga la Bara la Asia, kumbe kilikuwa kimekwisha kufika kwetu. Mwaka 2014 watafiti wa Mwanza walichapisha matokeo ya uchunguzi wa bakteria 227 sugu kwa dawa nyingi, kutoka hospitali kubwa ya kanda, na zaidi ya theluthi moja walibeba jeni za kuvunja karbapenemu. Wakati huo meropenemu ilikuwa haijazoeleka katika hospitali zetu nyingi. Usugu ulitangulia dawa.

Kuna anayesema hayo ni ya maabara tu. Hapana. Katika wodi za watoto za Muhimbili, mwaka 2001 na 2002, watafiti waliwafuatilia watoto waliokuwa na maambukizi ya damu. Si nimonia ya mashine, lakini bakteria wengi ni wa familia hiihii. Waliokuwa na bakteria wa kundi la Klebsiela na jamaa zake walifariki kwa kiwango cha asilimia 43.5, wakati waliolazwa kwa malaria walifariki kwa asilimia 20.2. Malaria kila mtu anaijua, ina vyandarua, ina kampeni, ina nyimbo za redioni. Hawa wengine wanaua kimyakimya. Kwa dunia nzima, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanaonyesha kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria wao walikuwa sugu, na kiwango cha juu kuliko kote kilikuwa Afrika ya Magharibi.

Turudi kwa kijana wetu. Daktari anataka kujua ni bakteria gani. Picha ya kifua inaonyesha wingu, lakini wingu linaweza kuwa maji, damu au pafu lililosinyaa. Kinachotakiwa ni kuvuta makohozi kutoka ndani ya mpira na kuyapeleka maabara yakaoteshwe. Majibu kamili, pamoja na orodha ya dawa zinazofaa, huchukua siku mbili hadi tatu. Na hapo ni kama kuna maabara yenye vyakula vya kuoteshea bakteria, vidonge vya kupimia usugu, umeme usiokatika, na mtaalamu anayefanya kazi hata Jumapili. Pasipo hayo, daktari anaandika dawa kwa kubahatisha. Akibahatisha dawa dhaifu, mgonjwa anaweza kufa. Kwa hiyo anaandika ile kali kuliko zote, kila mgonjwa, kila siku, na kwa kufanya hivyo anawachagulia wodini bakteria wasioweza kuuawa hata na hiyo. Simlaumu. Mtu aliyefungwa kitambaa machoni humtupii lawama, unamfungua kitambaa. Maabara ya kuotesha bakteria ndiyo inayofungua, na bajeti yake ni ndogo ukiilinganisha na ya mashine.

Zikigoma karbapenemu, kinachobaki mara nyingi ni kolistini. Iligunduliwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1940, ikatumika, kisha ikawekwa kando kwa sababu inaharibu figo. Tumeirudia kwa kukosa mbadala, na hata tukiirudia, inapenya kwenye mapafu kwa shida. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza kuwa wamekuta jeni ya kuihimili kolistini ikisafiri kwenye plasmidi, kwa nguruwe na kwa watu, na serikali ya nchi hiyo baadaye ikapiga marufuku kuichanganya kwenye chakula cha mifugo kwa ajili ya kuwanenepesha.

Dawa mpya zipo, na nazifurahia. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha mchanganyiko wa sulibaktamu na durlobaktamu, uliotengenezwa mahsusi kwa ajili ya Asinetobakta. Katika utafiti uliolinganisha dawa hiyo na kolistini, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 19 kwa dawa mpya na 32 kwa kolistini. Ni hatua ya kweli. Lakini isomeni namba hiyo vizuri: kwa dawa bora kabisa, bado karibu mmoja kati ya watano alifariki. Na dawa za namna hii hazijafika kwenye stoo zetu. Kwa hiyo, kwa mgonjwa aliyelala leo Dodoma, Mombasa au Bujumbura, dawa iliyo bora ni kutougua nimonia hiyo kabisa.

Hapo ndipo kazi ya muuguzi inapoanza, na hapa naomba mnivumilie, nikae kidogo.

Fikirini kupiga mswaki mdomo wa mtu asiye na fahamu. Kwanza unanawa mikono. Unapima shinikizo la puto, maana ukimwaga maji mdomoni na puto limelegea umemzamisha. Unainua kichwa cha kitanda. Unachukua mswaki wa mtoto, ule laini, na mkono wako mmoja unashika mpira usichomoke, maana ukichomoka una dakika chache tu. Midomo imekauka na kupasuka, tepu imevuta ngozi ya shavu, ulimi umevimba. Unasugua meno ya juu, ya chini, upande wa ndani, ulimi, huku mwenzako anafyonza kila tone kabla halijateremka. Unahamishia mpira upande wa pili wa mdomo, unapaka mafuta midomo, unafunga tepu mpya. Kisha unaandika saa. Ukifanya kwa haraka hujafanya. Na baada ya saa kadhaa unarudia.

Kazi hiyo hakuna anayeipiga picha. Lakini mwaka 2024 watafiti wa Boston walikusanya majaribio 15 ya kupiga mswaki wagonjwa wa hospitali, wakakuta kuwa waliopigwa mswaki walipata nimonia ya hospitali pungufu kwa theluthi moja hivi, na vifo katika vyumba vya mahututi vilipungua pia. Faida kubwa ilikuwa kwa waliokuwa kwenye mashine. Dawa ya kusukutulia ya klorheksidini, ambayo sisi wa zamani tulifundishwa kuwa ndiyo yenyewe, miongozo ya Marekani ya mwaka 2022 haiipendekezi tena. Kuna dalili kwamba inaweza kuwa na madhara. Mswaki wenyewe ndio wenye kazi.

Kuinua kichwa cha kitanda nako kuna habari yake. Barcelona, mwaka 1999, wagonjwa walioinuliwa nyuzi 45 walidhaniwa kuwa na nimonia 3 kati ya 39; waliolazwa chali, 16 kati ya 47. Tofauti ilikuwa kubwa hadi utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati. Miaka saba baadaye Waholanzi wakajaribu nyuzi 45 kwa wagonjwa wengi zaidi na hawakuona faida ile, na sababu moja ilikuwa dhahiri: kitanda hakikukaa juu. Kiliagizwa nyuzi 45, kikakutwa chini ya 30. Mgonjwa huteleza, huogeshwa, hupelekwa kupigwa picha, na anayemrudishia kitanda juu ni mtu, tena mara kumi kwa siku. Agizo lililoandikwa kwenye faili halimwinui mgonjwa.

Kinga iliyo bora kuliko zote ni kuutoa mpira mapema. Chicago, mwaka 2000, madaktari walisimamisha dawa za usingizi kila asubuhi ili wagonjwa waamke waangaliwe. Hao walikaa kwenye mashine siku 4.9, wenzao siku 7.3. Lakini mgonjwa anayeamka na mpira kooni anaogopa, anapigana, anajaribu kuuchomoa. Anahitaji mtu wa kumshika mkono na kumwambia, mzee wangu, uko hospitali, tulia, tunakusaidia. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wanne hawezi. Atamwongezea dawa ya usingizi, na ninamwelewa kabisa, na siku za mashine zitaongezeka, na nimonia itafuata. Uingereza kanuni yao ni muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja wa mashine. Sisi tuko mbali na hapo, na umbali huo ndio ugonjwa wenyewe.

Suala la kunawa mikono sitalisemea sana, mmelisikia vya kutosha wakati wa UVIKO. Niseme tu kwamba hospitali kuu ya Geneva iliposambaza vitakasa mikono vya spiriti kando ya vitanda na kuhimiza matumizi yake, kati ya mwaka 1994 na 1997, uzingatiaji ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66, na maambukizi ya hospitali yakashuka kutoka asilimia 16.9 hadi 9.9 kufikia mwaka 1998. Fomula yake Shirika la Afya Duniani limeitoa bure, na spiriti inatoka kwenye molasi ya miwa, ambayo Afrika Mashariki tunayo. Uganda wanaitengeneza. Hakuna sababu ya chupa kuwa tupu ukutani.

Tukishatoa dawa, tujue pia pa kuishia. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2003, katika vyumba 51 vya mahututi na wagonjwa 401, uliwapa nusu yao antibayotiki kwa siku 8 na nusu kwa siku 15. Vifo havikutofautiana. Na miongoni mwa waliougua tena, waliopata siku 8 ndio waliokuwa na bakteria sugu wachache zaidi. Bakteria wa jamii ya Sudomonasi walihitaji uangalifu, maana kwao maambukizi yalirudi mara nyingi zaidi. Lakini kwa wengi, siku 7 za ziada hazikuongeza ila usugu.

Nasema hili kwa makusudi, kwa sababu kila Novemba, katika wiki ya kuhamasisha juu ya usugu wa dawa, vidole vyote vinamwelekea mwananchi: hamalizi dozi, mnanunua dawa bila cheti. Ni kweli, na ninawaomba, anayekohoa kwa mafua asikimbilie duka la dawa kununua azithromaisini, wala asidungwe seftriaksoni kwa sababu ya uchovu. Dawa hizo mbili ziko katika kundi ambalo Shirika la Afya Duniani linataka litumike kwa tahadhari, na utumbo unaozoea kuzipata unabeba bakteria sugu hadi wodini. Lakini Asinetobakta wa chumba cha mahututi hakutengenezwa na mama aliyeacha vidonge viwili kwenye kabati. Amelelewa na sisi watumishi: kwa mikono isiyonawa, dawa zisizosimamishwa, na mabomba yasiyotoa maji. Hospitali iliyokosa maji haina haki ya kumhubiria mwananchi juu ya usugu.

Mwaka 2021 Tanzania ilipokea mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa kukabiliana na UVIKO, ule wa shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ilijenga majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi mikoani. Nilifurahi, na bado nafurahi. Mwaka huohuo utafiti wa hospitali 64 katika nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa mahututi wa UVIKO walifariki ndani ya siku 30, juu ya wastani wa dunia. Tulihitaji vyumba hivyo. Lakini chumba kinafunguliwa kwa kukata utepe, na muuguzi wa mahututi anafunzwa kwa miaka. Mahali ambapo mashine zimetangulia watu, nimekuta mashine zimefunikwa kwa plastiki. Na mahali ambapo zimewashwa bila watu, nimeona kinachofuata.

Kwa hiyo nina maombi, na nitayataja kwa anayehusika. Wajumbe wa bodi za hospitali: mkiletewa bajeti ya mashine ya kupumulia, msiipitishe mpaka mwone kwenye karatasi hiyohiyo nafasi za wauguzi watakaoisimamia kwa zamu zote, kipimo cha shinikizo la puto, vitakasa mikono vya mwaka mzima, na maabara ya kuotesha makohozi. Waganga wakuu: hesabuni nimonia za mashine kila mwezi na mzibandike ukutani pale watumishi wanapopita, hata kama namba zinatia aibu, maana kisichohesabiwa hakipungui. Madaktari wenzetu: kila asubuhi ulizeni mambo mawili kabla ya mengine yote, je, mpira huu unaweza kutoka leo, na je, dawa hii inaweza kusimama leo.

Na wewe mwenye mgonjwa, ukisimama pale mlangoni, una haki ya kuuliza kama kichwa cha kitanda kimeinuliwa, kama mdomo umesuguliwa leo, na makohozi yameoteshwa lini. Uliza kwa heshima, lakini uliza. Na ukiruhusiwa kuingia, nawa mikono kabla hujamgusa.